Mizinga ya Tarehe 27 Agosti

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Agosti 1883, mkuu wa polisi wa kisiwa cha Rodrigues, James Wallis, alisikia milio ikitokea upande wa mashariki. Rodrigues ni kisiwa kidogo cha Bahari ya Hindi, mashariki ya Mauritius, na zaidi ya hapo ni maji matupu. Wallis akaandika alichokisikia: ngurumo kama za mizinga mikubwa inayopigwa mbali, zikirudi kila baada ya saa kadhaa hadi alasiri ya siku ile. Meli yenye shida baharini hupiga mizinga kuomba msaada, kwa hiyo dhana yake haikuwa ya ajabu.

Hapakuwa na meli. Kilichokuwa kikilia ni mlima wa volkano Krakatoa, katika mlangobahari wa Sunda kati ya Java na Sumatra, umbali wa karibu kilomita 4,800. Huo ni mwendo mrefu kuliko kutoka Dar es Salaam hadi Cairo kwa mstari ulionyooka, na sauti ilichukua takriban saa nne kuvuka. Mlipuko mkubwa kuliko yote ulitokea saa nne asubuhi ya Jumatatu hiyo kwa saa za huko. Mawimbi yaliyofuata yaliufagia mwambao wa Java na Sumatra, na serikali ya Waholanzi ikahesabu watu 36,417 waliokufa. Vumbi lililopanda angani likawapa watu wa Ulaya na Marekani machweo mekundu kwa miezi mingi. Katika mji wa Poughkeepsie, jimbo la New York, wazima moto waliitwa kwenda kuzima mwanga ambao haukuwa moto.

Pwani yetu ilipata habari kwa njia yake. Mwaka uliofuata, mnamo Julai 1884, wanafunzi wa shule ya wamishonari wa Kianglikana pale Kiungani, Unguja, waliokota ufukweni mawe yanayoelea. Walifurahi nayo, kwa sababu jiwe lisilozama ni kitu cha kuchezea. Yalikuwa povu la volkano lililoganda, nalo lilikuwa limevuka Bahari ya Hindi nzima kwa mkondo na upepo. Pamoja na mawe hayo yalikuja mafuvu na mifupa ya binadamu, imekwisha kusafishwa na chumvi na jua. Wafu wa mlango wa Sunda walifika Zanzibar baada ya karibu miezi kumi na moja.

Miaka 13 baada ya siku ile Wallis alipodhani anasikia mizinga, tarehe ileile, watu wa Unguja waliisikia mizinga yenyewe.

*

Kwa hesabu ya wenyeji siku hiyo haikuwa Agosti hata kidogo. Ilikuwa Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, mwaka 1314 wa Hijria, na saa iliyotajwa katika barua za Waingereza kuwa ya tisa ilikuwa saa tatu asubuhi. Kwamba leo tunaitaja kwa jina la 27 Agosti ni sehemu ya matokeo ya vita vyenyewe.

Kisa kilianza siku mbili nyuma. Tarehe 25 Agosti 1896, kabla ya adhuhuri, Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Hamad ndiye aliyekuwa kwenye kiti Desemba 1895, Zanzibar ilipowaachia Waingereza uendeshaji wa ukanda wake wa pwani ya bara, ule wa maili kumi kutoka Mto Umba kwenda kaskazini, Mombasa ikiwa ndani yake. Mkataba huo unafaa kukumbukwa, kwa sababu utarudi mwishoni mwa masimulizi haya ukiwa na sura nyingine. Wapo walionong'ona kwamba marehemu alilishwa sumu. Kabla mwili wake haujapoa, Khalid bin Barghash, mtoto wa baba yake mdogo, aliingia ndani ya kasri na wafuasi wake, akajitangaza sultani.

Khalid hakuwa mgeni wa jambo hilo. Mwaka 1893, alipokufa Sultani Ali bin Said, alijaribu vivyo hivyo, akaonywa, akatoka. Safari hii alikataa kutoka. Hoja yake haikuwa dhaifu: alikuwa mwana wa Seyyid Barghash, mtawala aliyejenga Beit al-Ajaib na kuleta maji ya bomba mjini, na wengi mjini walimwona kuwa ndiye mrithi halali. Waingereza nao walishikilia kwamba, kwa mikataba waliyowekeana na Zanzibar, hakuna anayekaa kwenye kiti bila idhini yao. Mtu wao alikuwa Hamoud bin Mohammed, ambaye pia alikuwa mjukuu wa Seyyid Said. Ugomvi huu, kwa upande wa damu, ulikuwa wa watoto wa ndugu. Kwa upande wa nguvu, ulikuwa kuhusu nani anayetoa ruhusa.

Konseli mkuu hakuwepo. Kazi ilimwangukia Basil Cave, naye akafanya lile ambalo afisa mwenye busara hufanya anapotaka kupiga kasri la mfalme kwa mizinga: akaomba kibali kwa maandishi. Zanzibar ilikuwa imeunganishwa na dunia kwa waya wa chini ya bahari tangu 1879, kwa hiyo swali liliweza kufika London na jibu likarudi kwa muda usiozidi siku moja. Waziri Mkuu Lord Salisbury alijibu kwamba Cave achukue hatua yoyote anayoona inafaa na serikali ya Malkia itamuunga mkono, lakini asithubutu kuanza jambo ambalo hana hakika ya kulimaliza. Ni jibu la mwanasiasa aliyekomaa. Kama mambo yangeharibika, lawama tayari ilikuwa na anwani.

Hakika hiyo iliendelea kuwasili bandarini. Manowari Philomel na Thrush zilikuwepo tangu mwanzo, Sparrow ikaingia, kisha Racoon, na mwisho St George, iliyombeba Admirali Harry Rawson. Nchi kavu, askari wapatao 900 wa serikali ya Zanzibar walisimama upande wa Waingereza chini ya Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa sultani. Hilo linasahaulika katika masimulizi ya haraka: waliotumwa kumtoa Khalid walikuwa na Wazanzibari wengi kati yao.

Ndani ya kasri palikuwa na watu wanaokadiriwa 2,800. Baadhi walikuwa walinzi wenye mafunzo, wengine watumishi, watumwa, na watu wa mjini waliopewa silaha. Walikuwa na bunduki za Maxim, mizinga miwili iliyokuwa zawadi ya mfalme wa Ujerumani, na mzinga mmoja wa shaba wa karne ya 17. Baharini walikuwa na Glasgow, meli ya kifalme aliyoiagiza Barghash kutoka Scotland baada ya kimbunga cha 1872 kuvunja merikebu zake moja baada ya nyingine. Glasgow ilikuwa ya mbao, nzuri kwa sherehe.

Konseli wa Marekani, Richard Mohun, alieleza baadaye jinsi usiku wa tarehe 26 ulivyomtisha kwa ukimya. Mji uliozoea ngoma na vilio vya watoto wachanga haukutoa sauti.

Asubuhi Khalid alituma mjumbe kutafuta mazungumzo. Akaambiwa masharti hayabadiliki: bendera ishushwe na watu watoke kabla ya saa tatu. Kama nusu saa kabla ya muda kwisha alijibu kwamba hana nia ya kuishusha bendera, na kwamba haamini Waingereza watampiga. Inawezekana alikuwa akijipa moyo. Inawezekana pia alikuwa akikumbuka kwamba kwa miaka mingi Waingereza walizoea kutisha kuliko kutenda. Cave akajibu kwamba hapendi kupiga, ila asipotiiwa atapiga.

Saa tatu na dakika mbili, Racoon, Thrush na Sparrow zikafyatua kwa pamoja. Majengo ya mbele ya kasri yalikuwa ya mbao kwa sehemu kubwa, na ndani mlikuwa na maelfu ya watu nyuma ya vizuizi vya masanduku na mitumba. Dakika chache baadaye Glasgow ikaielekezea St George mizinga yake midogo. Ikajibiwa, ikazama bandarini palepale, na mabaharia wake wakaokolewa kwa mashua za Waingereza. Kwa kuwa maji hayakuwa na kina kirefu, milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji hadi mwaka 1912.

Bendera ilipoangushwa, kama dakika 40 baada ya risasi ya kwanza, milio ikakoma. Mwisho wa vita hivi hutajwa kwa namna tofauti kulingana na mwandishi anayehesabu: 38, 40, 45. Mabomu yaliyorushwa yalikuwa kama 500, mbali na maelfu ya risasi za bunduki. Upande wa Khalid waliokufa na kujeruhiwa walifika kama 500. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja wa Thrush, naye akapona.

Siku hizi vita hivi husimuliwa kama kichekesho. Vimo katika vitabu vya maajabu kuwa vita vifupi kuliko vyote duniani, na mtalii anayezungushwa Mji Mkongwe husikia dakika 38 mapema kuliko anavyosikia waliokufa. Ufupi huo ndio unaofanya hesabu ya maiti iwe nzito zaidi. Zaidi ya watu kumi walianguka kwa kila dakika, wengi wao wakiwa ndani ya jengo linaloungua, nao hawakuwa na jina kwenye taarifa yoyote iliyotumwa London. Wafuasi wa Khalid waliosalia walitozwa fidia, ikiwemo gharama ya mabomu waliyopigwa nayo.

Alasiri ileile Hamoud alitawazwa. Mwaka uliofuata, tarehe 6 Aprili 1897, alitia saini amri ya kuuondolea utumwa ulinzi wa sheria Unguja na Pemba. Kwa hiyo wapo waliopoteza ndugu kasrini Agosti na wapo waliopata njia ya uhuru Aprili, na huenda katika nyumba fulani walikuwa ni watu walewale. Beit al-Hukm, lililokuwa katikati ya majumba yale, halikujengwa tena. Beit al-Ajaib lilipona likiwa na majeraha, lakini mnara wa taa uliokuwa mbele yake uliharibika, na mnara wa saa ukajengwa kwenye uso wa jumba lenyewe.

Khalid aliponyoka. Alikimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani, na askari wa Mathews wakawekwa nje wakimsubiri atie mguu barabarani. Wajerumani walikataa kumtoa. Ufumbuzi wao ulipatikana tarehe 2 Oktoba, siku ya bamvua, maji yalipojaa hadi kwenye lango la bustani ya ubalozi. Mashua ya manowari Seeadler ikasogea hadi langoni, Khalid akatoka kwenye ardhi ya Wajerumani akaingia kwenye chombo cha Wajerumani, na hakukanyaga mchanga wa Zanzibar hata kidogo. Akaishi Dar es Salaam hadi vita vya kwanza vya dunia vilipomfikia. Waingereza walimkamata mwaka 1916, wakampeleka St Helena na Ushelisheli, kisha wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki. Alifia Mombasa mwaka 1927, katika ule ukanda wa pwani ambao bado, kwa maandishi, ulikuwa mali ya sultani, na bendera nyekundu ya ukoo wake ikipepea juu ya Ngome ya Yesu.

Na Rawson? Miezi sita baada ya mizinga ya Zanzibar alikuwa upande wa pili wa bara, akiongoza majeshi yaliyouteketeza mji wa Benin na kubeba sanamu zake za shaba.

*

Tarehe 27 Agosti 1770, mjini Stuttgart, alizaliwa Georg Wilhelm Friedrich Hegel. Katika mihadhara yake kuhusu falsafa ya historia, iliyochapishwa baada ya kifo chake, aliiweka Afrika nje ya historia ya dunia: bara lisilo na mwendo wala maendeleo, la kutajwa mara moja na kuachwa. Hakuwahi kufika Afrika. Maneno yake yalisomwa na wasomi na maofisa wa vizazi vilivyofuata, na mwalimu wa historia wa Kiafrika hadi leo hulazimika kuyajibu.

Kati ya waliosoma katika chuo kikuu cha Berlin, kile ambacho Hegel alifundisha hadi kufa kwake, alikuwemo Mmarekani mweusi aliyefika mwaka 1892: W. E. B. Du Bois. Alizaliwa Great Barrington, Massachusetts, mwaka 1868, miaka mitatu baada ya utumwa kufutwa nchini kwake, akaja kuwa mmoja wa waanzilishi wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, mwaka 1909 na mhariri wa gazeti lake. Oktoba 1945, akiwa na miaka 77, alikaa kwenye meza ya Kongamano la Umajumui wa Afrika mjini Manchester pamoja na Kwame Nkrumah na Jomo Kenyatta, wakati ambapo hakuna mtawala wa kikoloni aliyewaona hao wawili kuwa hatari ya kesho asubuhi.

Mwaka 1961 Nkrumah, sasa akiwa rais, alimwalika Accra akaongoze kazi ya kuandaa kamusi elezo kubwa ya Afrika. Du Bois alikuwa na miaka 93, umri ambao watu wengi wangeona inatosha kuulizwa wasia. Alikwenda. Mwaka 1963 Marekani ilikataa kumpa pasipoti mpya, akachukua uraia wa Ghana. Tarehe 27 Agosti mwaka huo, akiwa na miaka 95, alifariki Accra. Aliyesema Afrika haina historia na aliyekufa akiiandika wanagawana tarehe moja. Ni sadfa tupu, ila mhariri wa almanaka angestahili kuwaweka ukurasa mmoja.

Kesho yake, watu wapatao robo milioni walijaa mbele ya sanamu ya Lincoln mjini Washington kudai haki za kiraia. Habari ya kifo iliwafikia hapo, na aliyeitangaza ni Roy Wilkins, kiongozi wa NAACP, chama ambacho miaka 15 nyuma kilimwondoa Du Bois kazini. Wilkins alikumbusha kwamba mzee huyo alichagua njia nyingine katika miaka yake ya mwisho, kisha akakiri kwamba mwanzoni mwa karne sauti yake ndiyo iliyowaita watu wakusanyike siku hiyo. Halafu ilikuja hotuba ya Martin Luther King, na dunia ikakumbuka hotuba.

Siku Du Bois alipokufa, Makamu wa Rais wa Marekani, Lyndon Johnson, alikuwa akitimiza miaka 55. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa rais, na Julai 1964 alitia saini sheria ya haki za kiraia ambayo waandamanaji wa Washington waliidai. Kenyatta naye alikuwa amebakiza miezi mitatu na nusu tu kabla ya uhuru wa Kenya.

*

Tarehe hii imewahi pia kubeba ahadi. Mwaka 1928, mjini Paris, mataifa 15 yalitia saini mkataba wa Kellogg na Briand, yakaapa kwamba vita havitatumiwa tena kuwa chombo cha siasa. Italia ilikuwa miongoni mwa waliotia saini siku hiyo, na Ethiopia ikajiunga baadaye. Miaka saba na kidogo tu baadaye Italia ikaivamia Ethiopia. Tarehe 27 Agosti 1939 ndege ya kwanza ya injini ya jeti, Heinkel He 178, iliruka Ujerumani, siku tano kabla ya Poland kushambuliwa.

Aliyeuamini mkataba ule kuliko waliouandika pengine ni Haile Selassie wa Ethiopia. Baba yake, Ras Makonnen, aliongoza jeshi Adwa tarehe 1 Machi 1896, Mfalme Menelik alipowashinda Waitaliano. Mtoto, wakati huo akiitwa Tafari, alikuwa hajatimiza miaka minne. Ni mwaka uleule wa Zanzibar: Machi, jeshi la Kiafrika linawafukuza Wazungu milimani, Agosti, sultani wa pwani anaondolewa kwa dakika 40. Milima ilisaidia, na pia bunduki. Menelik alikuwa amenunua za kutosha, na manowari hazipandi Tigray.

Tafari akawa mfalme mkuu mwaka 1930, akakimbilia Uingereza baada ya uvamizi, akazungumza Geneva mwaka 1936 mbele ya mataifa yaliyokuwa yakikwepa macho yake, na akarudi Addis Ababa mwaka 1941. Miongoni mwa walioifungua barabara ya kumrudisha ni askari wa KAR (King's African Rifles) waliotoka Kenya, vijana wa Afrika Mashariki wanaoamrishwa kwa Kiswahili. Mwaka 1963 wakuu wa Afrika walikutana katika mji wake kuanzisha Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU. Jina lake liko kwenye barabara kubwa ya Nairobi.

Katiba yake ya 1955 ilisema mwili wake ni mtakatifu na mamlaka yake hayapingwi. Tarehe 12 Septemba 1974 maofisa wa Derg, kamati ya wanajeshi iliyoshika madaraka, walimsomea tangazo la kumvua madaraka, wakamtoa kasrini kwa gari dogo la Volkswagen. Kwa kalenda ya Kiethiopia ilikuwa siku ya pili ya mwaka 1967. Mwaka huo hakuumaliza. Tarehe 28 Agosti 1975 redio ya serikali ilitangaza kwamba mzee amefariki siku iliyotangulia kwa matatizo yaliyofuata operesheni ya tezi dume. Hapakuwa na mazishi wala kaburi la kuonyeshwa. Mwaka 1992, baada ya Derg kuanguka, mifupa yake ilifukuliwa chini ya zege ndani ya viwanja vya kasri, na mashtaka dhidi ya viongozi wa Derg yakaeleza kwamba alikabwa hadi kufa. Alizikwa katika Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu Novemba 2000, miaka 25 baada ya kifo chenyewe.

Jamaika haikungoja ushahidi. Warasta, waliomwona kuwa Mungu, wengi wao walikataa kwamba aliyekufa amekufa, na mwaka huohuo Bob Marley akatoa wimbo wa Jah Live kuwajibu wenye kuwacheka.

Miaka minne baadaye, tarehe ileile, bomu la IRA lilimuua Lord Mountbatten, mtawala wa mwisho wa Kiingereza nchini India, ndani ya mashua yake ya uvuvi huko Mullaghmore, Ireland. Siku hiyohiyo wanajeshi 18 wa Uingereza waliuawa Warrenpoint.

*

Asubuhi ya Ijumaa, 27 Agosti 2010, mizinga 21 ililia Nairobi, na safari hii hakuna aliyekimbia. Bustani ya Uhuru ilijaa. Rais Mwai Kibaki alitia saini katiba mpya, akainyanyua juu watu waione. Kofi Annan, aliyesuluhisha nchi ilipotaka kugawanyika baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 na watu zaidi ya 1,100 kuuawa, alikuwa jukwaani. Alikuwepo pia Omar al-Bashir wa Sudan, ambaye mahakama ya ICC ilikuwa imekwisha kutoa hati ya kumkamata na Kenya, kama mwanachama, ilipaswa kuitekeleza. Waandishi wa habari waliokuja kuandika juu ya utawala wa sheria wakajikuta na habari mbili kwa bei ya moja.

Katiba hiyo ilipita kwa kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti kwa karibu asilimia 67. Inaanza kwa kusema mamlaka yote ni ya wananchi. Ilileta kaunti 47, ikaweka Mahakama ya Juu, na katika ibara ya saba ikakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, baada ya miaka mingi ya kuitwa lugha ya taifa na kuachwa nje ya mlango wa ofisi.

Kifungu kilichozua kelele kuliko vingi kilihusu Mahakama za Kadhi. Makanisa mengi yalikipinga, na Mei 2010, kura ikiwa imekaribia, Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwemo kwa mahakama hizo katika katiba ya zamani hakukuwa halali. Wengi walidhani ni jambo jipya lililopenyezwa na wanasiasa. Asili yake ilikuwa ule ukanda wa maili kumi ulioachwa mikononi mwa Waingereza mwaka 1895, Hamad bin Thuwaini akiwa kwenye kiti. Oktoba 1963, siku za ukoloni zikihesabika, sultani aliachia madai yake ya pwani, na makubaliano kati ya Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, yakahakikisha kwamba Waislamu wa Mombasa, Malindi na Lamu hawatanyang'anywa makadhi wao. Ahadi hiyo ikaingia katika katiba ya uhuru, ikapita katika marekebisho yote, na sasa imo katika ibara ya 170. Mtu aliyepiga kura Kitui au Kakamega mwaka 2010 alikuwa akiamua, bila kuambiwa, juu ya deni lililoachwa na sultani ambaye kifo chake kilileta vita vya dakika 40.

Katiba hiyo ilipimwa kwa uzito tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilipoubatilisha uchaguzi wa rais aliyekuwa madarakani, jambo ambalo halikuwahi kutokea barani Afrika. Uchaguzi ukarudiwa Oktoba. Mwaka 2025 Rais William Ruto alitangaza tarehe 27 Agosti kuwa Siku ya Katiba, ya kuadhimishwa kila mwaka kote Kenya. Si siku ya mapumziko. Ofisi zinafunguliwa saa mbili kama kawaida.